Wakileta programu ya akili unde mtaani: jinsi ya kupima athari zake kabla ya kutia sahihi

Maswali ni yale yale. Kikundi kikishatembelewa na kampuni au shirika lenye programu mpya, iwe ni hapa Amu (Lamu), Faza, au kule Malindi na Ngomeni, viongozi wake hutafuta mtu wa kumwuliza mambo matatu. Je, ni kweli hii akili unde (AI) inamaliza maji ya dunia? Je, tunahitaji mtaalamu kutoka Nairobi ili tuipime? Na tukiikataa, si tutaonekana washamba? Kwa ufupi: la kwanza lina ukweli wake, lakini si pa kuanzia. La pili, hapana. La tatu, mrudishie aliyekuuliza: yeye angetia sahihi karatasi ambayo hajaisoma?

Mwongozo huu ni wa BMU (vikundi vya wavuvi vinavyosimamia fuo), vikundi vya akina mama, kamati za basari, walimu na vijana wa wadi. Hautakufundisha akili unde inavyofikiri. Utakusaidia kujibu swali moja tu, ambalo maswali mengine yote yanalizunguka: programu hii ikikosea, nani ataumia, na atamwendea nani?

Nitatumia mfano mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Tuseme kampuni imekuja kwa BMU na programu ya samaki. Mvuvi anapiga picha mzigo wake akifika dikoni (pale samaki wanaposhushwa), programu inatambua aina ya samaki na kukadiria uzito. Rekodi zikijikusanya, mvuvi anapewa alama, na alama hizo ndizo zinazotumika kumpa au kumnyima mkopo wa injini na nyavu. Juu ya hayo, programu inachora ramani ya mahali samaki walipo kwa wingi. Kama yenu ni programu ya basari, ya kliniki au ya kuandikisha wanafunzi, badilisha majina tu, hatua hazibadiliki.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Daftari moja gumu, karatasi za manila na kalamu nene.
- Simu mbili: moja nzuri, na moja ile ya kawaida yenye kioo kilichopasuka. Hiyo ya pili ni muhimu kuliko ya kwanza.
- Mizani ya kuaminika (kwa mfano wetu wa samaki).
- Watu watano au sita. Wawemo atakayeitumia programu, atakayeamuliwa nayo, kijana anayeielewa simu, mwenye mwandiko unaosomeka, na angalau mmoja ambaye haipendi hii programu toka siku ya kwanza. Huyo wa mwisho msimfukuze.
- Nakala ya mkataba au makubaliano, sera ya faragha, na ripoti ya tathmini ya ulinzi wa data kama ipo. Ziombeni kwa barua, si kwa maneno.
- Kalenda ya mwezi. Sababu nitaieleza kwenye Hatua ya 7.

Hatua ya 1. Andika sentensi mbili

Ya kwanza iseme programu inafanya nini. Ya pili iseme matokeo yake yanaamua nini, na kuhusu nani. Kwa mfano wetu:

"Programu inasoma picha ya samaki na kukadiria aina na uzito. Rekodi hizo zinaamua mvuvi gani apewe mkopo, kiasi gani na kwa riba gani."

Wanaoleta programu hupenda sana kuieleza sentensi ya kwanza. Watakuonyesha picha, rangi, ramani. Ya pili huwa imefichwa kwenye ukurasa wa kumi na kitu wa mkataba. Mkishindwa kuiandika, simameni hapo hapo mkaulize, maana hamjui mnapima nini.

Kisha amueni: programu inashauri, au inaamua? Wakikwambia kuna mtu anayehakiki, uliza cheo chake, yuko ofisi gani, na siku moja anahakiki watu wangapi. Mtu mmoja anayepitisha maombi elfu kwa siku hahakiki chochote.

Onyo: kuna programu zinazouzwa kwa jina la AI na ndani ni fomu ya kawaida yenye kanuni tatu. Pimeni tu. Mvuvi aliyenyimwa mkopo kwa fomu mbovu ameumia sawasawa na aliyenyimwa kwa mashine yenye akili.

Hatua ya 2. Orodhesha wanaoguswa, hasa wasiokuwa na simu

Tandika manila chini, andika jina la programu katikati, halafu mzunguke mkitaja watu. Kundi la kwanza, watumiaji, litajaa kwa dakika tano. Kazi iko kwenye makundi mengine mawili: wanaoamuliwa bila kugusa simu, na wanaoguswa bila hata kusikia kwamba programu ipo.

Katika mfano wetu, nahodha ndiye anayepiga picha, basi rekodi zote zinasomeka kwa jina lake. Baharia aliyevuta jarife, yaani wavu, usiku kucha hana alama hata moja. Miaka miwili ijayo nahodha atakuwa mkopaji mzuri na baharia atakuwa mtu asiyejulikana, ingawa walikula bahari ile ile. Athari ya namna hii haimo katika ripoti ya kampuni yoyote, kwa sababu aliyeiandika hajawahi kupanda mashua.

Endeleeni. Mama karanga anayenunua samaki wadogo dikoni: bei ikianza kupangwa kwa makadirio ya programu, yeye atapatana na nani? Tajiri aliyekuwa akiwakopesha wavuvi nyavu: ataondoka, au atanunua hizo alama? Wavuvi wa dago wanaokuja na msimu: watahesabiwa, au watasomeka kama wezi wa samaki? Mzee anayetega malema (mitego ya samaki) kwa mtumbwi na hana simu ya kupiga picha?

Na kuna walio mbali. Programu hizi hufundishwa kwa picha na maneno yaliyopangwa na binadamu, mara nyingi wa humu humu nchini. Mwaka 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi waliokuwa wakichuja maandishi ya kutisha kwa ajili ya OpenAI, kampuni iliyounda ChatGPT, walilipwa kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa. Kwa hiyo ongezeni swali hili kwenye barua yenu: nani aliyepanga data ya kufundishia programu hii, na alilipwa vipi?

Hatua ya 3. Ifuate data toka simu hadi inakoishia

Chora mstari. Simu ya mvuvi, halafu wapi? Seva, yaani kompyuta ya kuhifadhia, ya nchi gani? Nani mwingine anaiona: benki, mfadhili, kaunti, polisi? Inakaa muda gani? Ikifutwa kwenye simu, inafutwa na huko?

Kwa wavuvi kuna jambo wanaoleta programu hawalioni kabisa. Picha ya simu huweza kubeba ndani yake mahali na saa ilipopigwa. Mahali pa kuvulia ni siri ya nahodha. Alirithi kwa baba yake, hapatajwi hata barazani. Akipiga picha akiwa bado baharini, siri imeshasafiri. Na Lamu ni mahali ambapo wavuvi walipigwa marufuku kuvua usiku kwa miaka kadhaa kwa sababu za usalama, basi rekodi inayoonyesha nani alikuwa wapi saa nane za usiku si kitu cha kupeana ovyo.

Sheria mnayo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ina vifungu mnavyopaswa kuvijua kwa namba:

- Kifungu cha 31: shughuli yenye hatari kubwa kwa haki za watu lazima ifanyiwe tathmini ya athari kabla ya kuanza, na ripoti iwasilishwe kwa Kamishna wa Data siku 60 kabla.
- Kifungu cha 33: data ya mtoto haichukuliwi bila idhini ya mzazi au mlezi. Walimu, hiki ni chenu.
- Kifungu cha 35: mtu ana haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake katika jambo linalomgusa kwa uzito, na anaweza kudai uamuzi uangaliwe upya na binadamu.

Hicho cha 35 kinatosha kubadilisha mazungumzo mezani. Kitajeni mapema.

Onyo: pesa ndogo ya papo hapo isiwafunge macho. Mwaka 2023 watu walipanga foleni Nairobi kuchunguzwa mboni za macho na Worldcoin, mradi wa sarafu za kidijitali, kwa sarafu za kidijitali za thamani ya karibu shilingi 7,000. Serikali ikasimamisha zoezi Agosti mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hiyo ya miili ya watu ifutwe. Ilichukua karibu miaka miwili.

Hatua ya 4. Ijaribuni nyinyi wenyewe

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wanaporuka. Wanaambiwa "programu ina usahihi wa asilimia 95" na wanaandika 95 kwenye ripoti. Asilimia hiyo ilipimwa kwa picha za nani, mwanga gani, samaki wa bahari ipi?

Nendeni dikoni na mizani, daftari na simu zote mbili. Pigeni picha kama wavuvi wanavyopiga kweli: samaki amelowa, ana mchanga, mwanga umeanza kufifia, mkono unatetemeka. Kila picha iwe na mstari wake kwenye daftari, hivi:

"Na. 17. Saa 12 na nusu jioni. Simu ya kioo kilichopasuka. Samaki: pono. Mizani: kilo 0.7. Programu ilisema: tafi, kilo 1.2. Mwenye samaki: mtumbwi, malema."

Sitini zinatosha kuanzia. Sasa sikiliza, hesabu ya jumla huficha mambo. Tuseme katika picha 60 programu imekosea 9. Hiyo ni asilimia 15, na kampuni itasema si mbaya. Tenganisha: za mchana ni 40, makosa 2. Za jioni ni 20, makosa 7. Asilimia 5 kwa anayefika mchana, asilimia 35 kwa anayefika jioni. Ukitazama safu ya mwisho ya daftari ukakuta wanaofika jioni ni wale wa mitumbwi, umeshapata jambo la kuandika: programu hii inawakosea maskini zaidi, na makosa yake yanageuka kuwa alama za mkopo.

Hesabu hii ya kutenganisha makundi ndiyo waliyoifanya watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru mwaka 2018 walipopima programu za kutambua sura. Kwa wanaume weupe makosa yalikuwa chini ya asilimia 1. Kwa wanawake weusi, kwenye programu mojawapo, yalifika karibu asilimia 35. Ukichanganya makundi, huyaoni.

Kama programu inasikiliza sauti, jaribu kwa lugha inavyosemwa mtaani. Mwite mama wa Kizingitini aongee Kibajuni chake, mzee wa Mkomani aseme "ndoo" (njoo) na "mai" (maji) kama alivyozaliwa nayo, na kama mko Malindi mtu achanganye Kigiriama na Kiswahili kama afanyavyo sokoni. Msimlazimishe mtu kusema Kiswahili cha redioni ili mashine imwelewe. Akilazimika, liandikeni hilo kama athari.

Onyo: msitumie picha walizokuja nazo wao. Na picha zenu zihifadhini kwenye kadi ya kumbukumbu, mtazihitaji tena.

Hatua ya 5. Mazingira: gawa mara mbili, kule na hapa

Kule ni kwenye vituo vya data, yaani majengo yenye kompyuta zinazoendesha programu hizi. Kwa mujibu wa Shirika la Kimataifa la Nishati, vituo vya data vilitumia takriban terawati-saa 415 mwaka 2024, karibu asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia, na vinakadiriwa kufika 945 hivi ifikapo 2030. Google iliripoti kwamba hewa chafu yake ilipanda asilimia 48 kati ya 2019 na 2023, na ikataja vituo vya data kuwa sababu kubwa. Kufundisha modeli (akili yenyewe ya programu) ya GPT-3 ya OpenAI peke yake kulikadiriwa kula megawati-saa 1,287. Kwa mnunuzi wa tokeni za umeme, hizo ni uniti milioni moja na laki mbili na ushee.

Ukishuka kwa swali moja moja, namba inakuwa ndogo mno. Google ilitangaza Agosti 2025 kwamba swali la kawaida la maandishi kwa Gemini, programu yake ya akili unde, hutumia wati-saa 0.24, mililita 0.26 za maji na gramu 0.03 za hewa ya kaboni. Yaani uniti moja ya tokeni inatosha maswali zaidi ya 4,000, na maji yake ni lita moja hivi. Hesabu hiyo ni ya kampuni yenyewe, ni ya maandishi tu, na haijumlishi umeme wa kuifundisha modeli. Video na picha za kutengenezwa hula zaidi. Hata hivyo inatosha kuwaonyesha kwamba kikundi cha watu 200 hakitakausha mto kwa kuuliza maswali. Kwa hiyo kwenye barua yenu ulizeni mambo mawili tu: kituo cha data kiko wapi, na umeme wake unatoka wapi. Umeme wa Kenya karibu asilimia 90 ni wa mvuke, maji, upepo na jua. Kituo kilichoko kwenye gridi ya makaa ya mawe ni habari nyingine.

Hapa ndipo penye uzito. Lita moja ya petroli ikichomwa hutoa kama kilo 2.3 za hewa ya kaboni. Kwa hesabu ya Google, hiyo ni sawa na maswali zaidi ya 70,000. Sasa rudi kwenye ramani ya samaki. Ikiwapeleka wavuvi mbali zaidi kila siku, petroli itakayochomwa itafunika kila kitu kinachotokea kwenye seva. Ikiwapunguzia mizunguko ya bure, mazingira yamepata afueni. Hakuna anayejua ni lipi kati ya hayo mpaka mpime: waombeni manahodha watano waandike lita walizotumia wiki mbili kabla ya programu, na wiki mbili baada ya kuanza. Chagueni wiki za msimu mmoja. Ukilinganisha kaskazi na kusi, umepima upepo.

Halafu samaki wenyewe. Ramani inayoonyesha walipo kwa wingi itaonyesha pia wanapozalia. Boti ishirini zikifuata alama moja nyekundu kwenye simu, mwamba uliokuwa ukijulikana na watu watatu utakwisha kwa msimu mmoja. Kwa vikundi vya Pate vinavyofunga miamba ya pweza kwa muda, na kwa wanaopakana na Hifadhi ya Bahari ya Kiunga au ile ya Malindi, hili liwe swali la kwanza: je, programu inaficha maeneo yaliyofungwa, au inayatangaza?

Mwisho ni taka. Programu ikidai simu mpya, simu za zamani zitakwenda wapi? Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo ndiyo iliyothibitishwa kurejelewa ipasavyo. Kisiwani betri iliyovimba haina pa kwenda ila jaani, na jaa likishiba hushuka na maji ya mvua hadi kwenye mikoko. Hesabuni vifaa vitakavyoingia, muandike nani atavirudisha bara.

Onyo: msiende NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na programu ya simu. NEMA hutoa leseni kwa miradi iliyoorodheshwa kwenye sheria ya mazingira ya 1999, na programu haimo. Mkisikia kinajengwa kituo au mnara, hapo ndipo mlango wao.

Hatua ya 6. Pimeni uzito, lakini msijumlishe

Mmekusanya athari, labda kumi, labda ishirini. Kwa kila moja jibuni: ni nzito, ya kati au nyepesi? Inampata nani? Na ikitokea, inarudishika?

Kuna fomu nyingi zinazokutaka utoe alama 1 hadi 5, uzidishe, ujumlishe, upate namba moja. Mimi sizipendi. Urahisi wa watu mia tano haufuti hasara ya baharia watano waliofungiwa mkopo, lakini kwenye jumla utaifuta. Andikeni kwa maneno. Athari yoyote iliyo nzito na isiyorudishika, kama siri ya mahali pa kuvulia kuvuja, isimame peke yake juu ya karatasi, na programu isianze mpaka ipatiwe dawa.

Hatua ya 7. Peleka barazani

Siku ina maana, na hii ndiyo kazi ya ile kalenda ya mwezi, maana maji ya bahari hufuata mwezi. Msiite mkutano siku za bamvua, maana maji yakitoka sana wanaokwenda miambani kutafuta pweza hawatakuja, na wengi wao ni akina mama. Siku za maji mafu, yasiyotoka sana, ni bora. Epukeni Ijumaa mchana, Ramadhani, na wiki ya Maulidi hapa Amu. Akina mama wapewe kikao chao kwanza, chenye mwandishi wao. Kwenye mkutano mkubwa wengi watanyamaza kwa heshima, na kimya kitaandikwa kuwa idhini.

Onyesheni programu yenyewe ikifanya kazi, na ikikosea. Someni ule mstari wa 17. Mzee mmoja atainuka aulize, "Haya, ami, simu ikisema mimi si wa kukopeshwa, nimwendee nani?" Jibu la kampuni liandikwe neno kwa neno, na jina la cheo cha aliyelitoa.

Wakiwaambia baraza ni kupoteza wakati, wakumbusheni historia ya hapa hapa. Tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa la kesi za mazingira lilifuta leseni ya mradi wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa Lamu, sababu kubwa ikiwa ni wananchi kutoshirikishwa ipasavyo. Mwaka mmoja kabla, katika kesi ya bandari ya Lamu, sehemu ya mradi wa LAPSSET, Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Ripoti nene hazikosekani katika miradi ya namna hii. Kilichokosekana ni watu kuelezwa mapema wakaelewa.

Hatua ya 8. Andikeni uamuzi na masharti

Uamuzi ni mmoja kati ya mitatu: ianze, ianze kwa masharti, isianze. "Tutaona" si uamuzi. Kwa mfano wetu, masharti yangesomeka hivi:

- Hakuna mvuvi atakayenyimwa mkopo na programu peke yake. Afisa atamwita, atatazama daftari la BMU, na atampa jibu la maandishi.
- Mahali na saa ya picha vifutwe kabla picha haijatoka kwenye simu.
- Jina la kila baharia liandikwe pamoja na la nahodha.
- Maeneo yaliyofungwa yasionekane kwenye ramani.
- Simu na betri zilizokufa zikusanywe na kampuni, kwa gharama yake.
- Kikundi kinaweza kujitoa wakati wowote bila kulipa, na data yake ifutwe.
- Daftari la malalamiko likae kwa katibu, lisomwe kila baada ya miezi mitatu mbele ya kampuni.

Masharti yaingie ndani ya mkataba. Yakibaki kwenye kumbukumbu za kikao, hayana nguvu.

Mambo yakikwama

*Kampuni haijibu barua.* Msitie sahihi, basi. Kama ni ofisi ya umma, au kampuni inayotumia pesa za umma, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 za kujibu, na ombi linaweza kuletwa na raia yeyote. Zikipita, pelekeni lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Likiwa ni suala la data binafsi, ni kwa Kamishna wa Data.

*Wanasema namna inavyoamua ni siri ya biashara.* Waachieni siri yao. Nyinyi mnataka sababu ya uamuzi mmoja kuhusu mtu mmoja. Kama hawawezi kuitoa, hiyo ni athari nzito, iandikeni.

*Programu imeshaanza kutumika kabla ya kupimwa.* Anzeni na Hatua ya 4 na daftari la malalamiko, halafu rudini nyuma kwa nyingine. Tafuteni kwanza walionyimwa, walionufaika watajileta.

*Mkutano umetekwa na mtu mmoja.* Gawanyeni watu vikundi vya watano, kila kimoja na manila yake, msemaji awe mdogo kuliko wote. Mzungumzaji hodari atabaki na wanne wa kuwasikiza.

*Hakuna mtandao dikoni.* Msihamie mjini penye mtandao ili jaribio lipendeze. Andikeni ni mara ngapi picha ilikataa kwenda, na mvuvi alifanya nini samaki wakianza kuharibika. Hayo ni matokeo.

*Mfadhili anataka ripoti kwa Kiingereza.* Mpeni, lakini ya Kiswahili ndiyo itiwe sahihi kwanza, na ndiyo ibandikwe ukutani dikoni.

*Programu imebadilika baada ya kutia sahihi.* Itabadilika, hupata toleo jipya bila kuwauliza. Toeni ile kadi ya kumbukumbu, pitisheni picha zile zile 60, mlinganishe na daftari mstari kwa mstari. Makosa yakiongezeka kwa kundi lolote, andikeni barua siku hiyo hiyo na msimamishe matumizi kwa kundi hilo mpaka lirekebishwe.